Kikombe cha Bei Kubwa na Jasho la Mkulima

Barua moja imetufikia kutoka upande wa Liganga, wilaya ya Ludewa, nayo imetutia katika fikira kwa majuma mawili. Aliyeiandika ni mzee Mkristu, mwenye mke na watoto sita, na shamba dogo la mibuni lililo kando ya mahindi yake. Ametupa ruhusa kueleza habari yake bila kutaja jina. Nasi twafanya hivyo kwa kuwa twadhani shauri linalomsumbua yeye limo katika nyumba nyingi za Wakristu wa nchi hii.

Mwezi wa Desemba mzee huyu alisafiri mpaka Dar es Salaam kwa matibabu ya macho. Mwanawe wa pili, karani wa hesabu huko mjini, alimpokea kwa adabu zote: akampeleka kwa daktari, akamlipia miwani, akampa kitanda chake, yeye mwenyewe akalala chini. Siku ya mwisho, akitaka kumpa baba yake heshima ya pekee, akamwingiza katika mgahawa wa hoteli yenye viti vya ngozi, akaagiza vikombe viwili vya kahawa. Pamoja na vikombe kikaja kikaratasi kizuri, kilichosema kwamba buni zile zilichumwa kwa mkono katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Mzee akakisoma kwa miwani yake mipya, akafurahi, akauliza bei. Kijana alisitasita, kisha akasema kweli. Bei ya vikombe viwili ilizidi malipo ambayo baba yake alipewa msimu ule kwa kilo tatu za kahawa kavu.

Mzee akakirudisha kikombe mezani kabla hakijagusa mdomo. Akasema, "Mwanangu, huu ni wizi, nawe umeulipia." Akatoka nje, akasimama juani mpaka kijana alipomaliza mambo yake ndani. Tangu siku ile hawajasemezana. Noeli ikapita bila salamu. Fedha ambazo kijana hutuma kila mwezi kwa simu baba hajazitoa, ijapokuwa mama wa nyumba anazihitaji. Na mfuko mdogo wa kahawa iliyokaangwa, ambao kijana aliutia kwa siri katika mzigo wa baba yake pale stendi ya basi, upo mpaka leo juu ya kabati, haujafunguliwa. Sasa tumo katika Kwaresima, na mzee atuuliza: "Bwana Mhariri, ni mimi niliyekosa, au ni yeye? Na kahawa ya bei ya namna ile yaweza kweli kustahili fedha yake?"

Si swali la kuchekwa. Wasomaji wa mbali wamezoea kulisikia jina la Liganga kwa ajili ya chuma. Katika vilima vile imo akiba ya mawe ya chuma ihesabiwayo kuwa zaidi ya tani milioni 100, na mapatano ya kuichimba yalitiwa sahihi na kampuni ya Kichina mwaka 2011, na kwa miaka mingi baada ya hapo wenyeji walijifunza kungoja. Watu wa kule wajua vema maana ya kukaa juu ya mali ambayo thamani yake hutajwa na wengine, mahali pengine, kwa lugha nyingine. Mwenye shamba la kahawa yumo katika hali iyo hiyo, tena mali yake hung'oka tawini kila mwaka na kwenda zake akiitazama.

Na tuanze kwa hesabu. Ili kupata kilo moja ya buni zilizo tayari kwa kukaangwa, mkulima huchuma kilo sita hata saba za matunda mekundu. Huyamenya, huziacha buni mpaka utelezi uondoke, huziosha, huzianika juu ya vichanja, huzigeuza siku nyingi na kuzifunika mbiombio wingu likionekana. Zikaangwapo hupungua uzito tena, kadiri ya sehemu moja katika sita. Mwisho wa yote kilo moja ya kahawa kavu ya mkulima hutoa vikombe kama 40. Basi kilo tatu ni vikombe 120. Na ikiwa bei ya vikombe viwili yapita malipo ya kilo tatu, fungu la mkulima katika kila kikombe halifiki moja ya sitini. Mzee wetu hakuwa na kalamu mkononi pale mezani, lakini hesabu hiyo aliifanya moyoni kwa haraka kuliko sisi.

Walakini haki yatudai tuseme na upande wa pili. Katika kikombe cha hoteli hamna buni tupu. Mna kodi ya nyumba, na umeme, na mashine iliyonunuliwa ng'ambo, na ushuru wa serikali, na mshahara wa binti anayeosha vikombe, ambaye huenda naye ana wazazi kijijini wanaongoja fedha za simu. Tena neno "wizi" ni neno zito. Mt. Thomasi wa Akwino alifundisha kwamba ni dhambi kuuza kitu kwa hila zaidi ya thamani yake. Lakini hakusema kwamba kila bei kubwa ni hila. Mwenye mgahawa aliandika bei yake waziwazi, na kijana alilipa kwa hiari, kwa fedha aliyoitolea jasho. Hapo hatumwoni mwizi amekaa mezani.

Je, ubora nao hauna bei? Unao. Kahawa njema huchumwa kwa mizunguko mingi, tunda jekundu tu, na lile la kijani likiachwa tawini mpaka siku yake. Anayevuna yote kwa mkupuo mmoja amaliza kazi mapema na kuiharibu ladha. Waonjaji wa kahawa huipima kwa alama 100, na ile ipatayo 80 na kuendelea ndiyo huitwa ya daraja la juu. Kuzipata alama hizo kwagharimu siku za kazi, migongo inayouma, na usiku wa kuamka kufunika vichanja. Mtu akilipa zaidi kwa kazi hiyo, na ziada ile ikamfikia aliyeamka usiku, alipa deni tu, wala asijione ametenda anasa. Shida i katika lile neno dogo, "ikamfikia".

Kuna na bei ambazo hazilipii kazi wala ladha. Mfuko ulio juu ya kabati la mzee wetu, atuambia, una herufi PB. Maana yake ni buni za duara: kwa kawaida tunda la kahawa lina mbegu mbili zilizolaliana kama ndugu kitandani, lakini katika matunda machache mbegu moja tu hukua, ikajaa chumba chote peke yake. Hizo huchaguliwa na kutengwa, na huko Marekani kahawa ya Tanzania ya namna hiyo husifiwa na kuuzwa kwa bei ya juu. Ni nzuri, hatukatai. Lakini imetoka mti ule ule, na wajuzi wengi hawaoni kwamba yazipita ndugu zake kwa ladha. (Twakumbuka hapa desturi ya kale ya Wahaya na Waganda: watu wawili walipofanya undugu wa damu, waligawana mbegu mbili za tunda moja la kahawa. Ile ya duara isingewafaa.) Wajapani nao huiita arabika ya Tanzania kwa jina la Kilimanjaro, isipokuwa ile ya Bukoba, hata buni ya Ludewa yaweza kunywewa Tokyo kwa jina la mlima ambao aliyeipanda hajauona.

Kuhusu ile kahawa ya Indonesia ambayo buni zake huokotwa katika kinyesi cha mnyama wa jamii ya fungo, tutasema machache. Zamani ziliokotwa msituni. Siku hizi wanyama wengi hufungiwa katika vizimba vidogo na kulishwa matunda ya kahawa kwa nguvu ili wenye fedha wapate la kusimulia. Mkristu asiipeleke fedha yake huko.

Lakini kisa kikubwa cha zama zetu kinahusu mti uliopita katika ardhi yetu wenyewe. Katika miaka ya 1930 mbegu za mibuni ya msituni zilikusanywa upande wa Gesha, Uhabeshi, zikaletwa katika vituo vya utafiti vya Afrika Mashariki, na miongoni mwao kituo cha Lyamungu kilicho mteremkoni mwa Kilimanjaro. Kutoka Lyamungu zilipelekwa Costa Rica mwaka 1953, na baadaye zikaingia Panama. Kwa miaka mingi hakuna aliyeupenda mti ule: matawi yake huvunjika upesi na mazao yake ni haba. Mwaka 2004 familia moja ya wakulima wa Panama iliipeleka kahawa yake mnadani peke yake, haikuchanganywa na nyingine, ikauzwa dola 21 kwa ratili moja, wakati kahawa ya kawaida ilikuwa haifiki dola moja. Mwaka 2025 kilo 20 za shamba lile lile zilinunuliwa na wafanyabiashara wa Dubai kwa dola 30,204 kila kilo. Mwaka uo huo kikombe chake kikauzwa Dubai kwa karibu dola 1,000.

Tuliposoma habari hiyo tulikaa kimya. Wachumaji wa milima ile ya Panama wengi wao ni wenyeji wa kabila la Ngäbe, watu wasio na mali, washukao na watoto wao wakati wa mavuno. Na Lyamungu yetu, palipotunzwa mbegu ile, ni mahali ambapo wakulima jirani wameng'oa mibuni yao wakapanda nyanya na mahindi, kwa kuwa kahawa haikuwalipa. Hatudai kwamba mtu wa Panama ametuibia. Mti ni wa Mungu, nao ulitoka Uhabeshi kabla haujafika kwetu. Twataka msomaji aone tu kwamba kitu kile kile, katika mikono tofauti, chaweza kuwa kuni au kuwa dhahabu, na kwamba tofauti hiyo haikutoka katika mbegu.

Hapa ndipo Maandiko Matakatifu hutufaa, kwa maana yana visa viwili vya kitu cha thamani kuu kilichomiminwa, na kwa mtazamo wa kwanza vyaonekana kupingana.

Cha kwanza twakisikia kila mwaka Jumatatu ya Juma Takatifu. Huko Betania, Maria alichukua marhamu safi ya nardo, akampaka Bwana miguu, hata nyumba nzima ikajaa harufu. Yuda akanung'unika kwamba ingaliuzwa kwa dinari 300 wakapewa maskini. Na dinari moja, kama twajuavyo katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, ilikuwa malipo ya kibarua kwa siku nzima. Basi yule mwanamke alimwaga kazi ya karibu mwaka mmoja kwa saa moja, na Bwana wetu hakumkemea. Alimkemea mwenye hesabu.

Cha pili ni cha mfalme Daudi, katika kitabu cha pili cha Samweli. Alikuwa vitani, akatamani maji ya kisima cha Betlehemu. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya Wafilisti, wakayateka, wakamletea. Naye akakataa kuyanywa. Akayamimina mbele ya Bwana, maana aliona kwamba angekunywa damu ya watu waliohatarisha roho zao.

Mzee wetu wa Ludewa, bila kujua, alifanya alivyofanya Daudi. Aliona damu ya watu ndani ya kikombe, kwa sababu yeye ni mmoja wa watu hao. Na mwanawe, bila kujua, alifanya alivyofanya Maria wa Betania: alichukua kitu cha thamani kupita kiasi akakimwaga miguuni pa mtu ampendaye, asihesabu. Twasema kwa moyo wote kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyefanya jambo la kipumbavu. Ila Maria alimmiminia Bwana marhamu yake mwenyewe, naye Daudi alikataa kuburudika kwa gharama ya wengine. Ndiyo sababu sisi twaona kwamba swali la kwanza mbele ya kitu cha ghali ni hili: nani ameilipa bei yake? Kijana ameilipa yeye, au imelipwa na watu wasiokuwapo mezani?

Tena tukiulize swali hilo sawasawa, latupeleka mahali ambapo mzee wetu hakutazamia. Maana kikombe kilichowatoza wasiokuwapo kuliko vyote hakikuwa cha ghali. Mwaka 2001, miaka kumi na miwili baada ya mafungu ya mauzo yaliyowekwa na mapatano ya nchi za kahawa kuvunjika, bei ya dunia ilishuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Wazee wa Mbinga, wa Moshi na wa Kagera waikumbuka miaka hiyo. Kahawa haikurudisha hata gharama ya dawa ya mibuni. Kulikuwa na watoto waliorudishwa nyumbani kwa ajili ya ada ya shule. Na wakati huo huo, huko Ulaya, mama wa nyumba aliyenunua kopo la kahawa rahisi dukani hakujiona mtu wa anasa, alijiona mwekevu. Hakuna aliyemwita mwizi, wala hatumwiti sisi leo, kwa kuwa hakujua. Lakini kopo lile la bei ndogo lilikuwa limejaa maji ya Betlehemu.

Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba mapatano ya mshahara hayatoshi kuwa haki ikiwa mfanyakazi amekubali kwa kubanwa na shida. Na Papa Yohane XXIII, mwaka 1961, aliwatetea wakulima, akakataa kwamba unafuu wa bei ya mazao uwe sababu ya kuwaweka katika unyonge siku zote. Mtume Yakobo naye aliandika habari za ujira wa wavunaji uliozuiliwa, kwamba unapiga kelele. Hakutaja kama ngano ile iliuzwa ghali au rahisi.

Kwa hiyo jibu letu kwa mzee ni hili. Kahawa ya bei kubwa yaweza kustahili fedha yake, pale inaponunua kazi njema na malipo yake yarudi kwa aliyeifanya. Hata pasipo hilo yaweza kusameheka mara moja kwa mwaka, inapokuwa zawadi ya mtoto kwa mzazi, kama vile twachinja jogoo wa pekee mgeni akija, wala hatumwulizi jogoo bei yake. Haistahili inaponunuliwa ili wengine waone. Kile kikombe cha Dubai hatuwezi kukitetea kwa Injili yoyote tuijuayo. Na yule kijana wa mjini anayekunywa kikombe cha hoteli kila asubuhi huku mama yake akikosa mafuta ya taa asijifiche nyuma ya Maria wa Betania. Marhamu ile haikumwagwa kila asubuhi.

Mwana wa mzee wetu si mmoja wao. Alilala chini ili baba yake alale kitandani. Makosa yake, kama twaruhusiwa kumwambia, ni moja tu: alimpeleka mkulima kuinywa kahawa mahali ambapo mkulima hatajwi ila katika kikaratasi. Angefanya vema kumwuliza kwanza. Na twamwomba yeye pamoja na karani wote wa mjini waliotoka katika nyumba za kahawa: mnajua kuhesabu, mnajua kusoma mikataba, mnajua bei za mnada siku zinapotangazwa. Mwezi wa Februari mwaka 2025 bei ya arabika huko New York ilipita dola nne kwa ratili, kiasi kisichopata kuonekana kabla. Ni wazazi wangapi walioambiwa na watoto wao siku ile, kwa simu hiyo hiyo itumwayo fedha, ili wasiuze buni zao zingali tawini kwa mchuuzi apitaye na fedha mkononi? Ujumbe wa namna hiyo ungemfaa baba kuliko vikombe kumi. Chama cha ushirika cha kijijini nacho chahitaji mtu wa kukikagua vitabu, hata akija mara mbili kwa mwaka wakati wa likizo.

Nawe baba, uliyetuandikia kwa mwandiko ulionyooka hivyo, utuwie radhi. Hasira yako ilikuwa ya haki, lakini uliitupa kwa mtu asiyestahili. Waliopanga moja ya sitini hawakuwapo mezani. Aliyekuwapo ni mwanao. Zitoe fedha zile ziingie jikoni kwa mama, maana yeye hakugombana na mtu. Tena mwite kijana kwa simu, wewe uliye mkubwa, wala usingoje aanze yeye.

Liko na jambo moja uliloliandika chini kabisa ya barua yako, kama vile halina maana, nalo ndilo lililotugusa kuliko yote. Wasema umelima kahawa kwa miaka thelathini na mitano, na nyumbani kwako hunywa chai, na buni zako mwenyewe hujapata kuzionja. Wengi ni kama wewe; nchi hii hunywa sehemu ndogo tu ya kahawa inayoilima. Basi kijana akija kwa Pasaka, chukueni kopo moja la buni zenu zilizobaki, mzitwange ngozi yake itoke, mzipepete, mama azikaange kwa moto mdogo katika kikaango, akikoroga pasipo kuacha mpaka ziwe na rangi ya udongo wa mvua. Mzisage, mchemshe, mnywe wote, na wadogo waonje kidogo.

Na mfuko wa PB ulio juu ya kabati ufungueni siku iyo hiyo, mweke vikombe viwili kando kando, uonje chake na chako. Kahawa iliyokaangwa haikai. Baada ya majuma machache harufu yake huanza kuondoka, nao umekwisha kukaa tangu Desemba.